WAZEE WETU WA KALE WALIKULA NINI?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri alipotuomba makala za jarida la mwaka huu, wenzangu wengi waliamua kuandika juu ya ngeli, methali na mashairi. Mimi nimeamua kuwaandikia juu ya chakula. Msicheke. Si chakula cha leo, bali ni chakula cha viumbe walioishi hapa petu zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, kabla ya ugali, kabla ya jembe, na hata kabla ya sufuria. Mada hii ilinifikia kwa njia ya mjadala, na mjadala wenyewe kwangu ulianza na tusi. Basi niruhusuni nianze na tusi hilo, kisha tuingie katika somo.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Katika muhula wa pili chama chetu kiliandaa mjadala kati ya Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne. Hoja iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo ilisema: "Nyama ndiyo iliyomfanya mwanadamu kuwa mtu." Kidato cha Nne walikuwa watetezi, nasi tukawa wapinzani. Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji mkuu wa wapinzani, si kwa sababu nina maneno mengi (ingawa wapo wasemao hivyo), bali kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

Siku hiyo wakati wa chakula cha mchana tulikuwa tumeketi chini ya mti, kila mmoja na mkebe wake. Sisi wa shule ya kutwa tunajuana kwa mikebe. Wangu ulikuwa na ugali na managu, kama jana yake na juzi yake, kwa maana mama yangu anauza mboga sokoni, na zile zisizonunuliwa jioni ndizo tunazokula nyumbani. Msemaji mkuu wa watetezi, ambaye baba yake ana bucha, alichungulia mkebe wangu akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Sasa huyu atapinga nini? Mababu waliokula nyama wakawa watu. Wale wa kula majani wakabaki nyani. Si mnaona wenyewe?"

Watu wakacheka. Hata rafiki yangu wa dawati moja alicheka, ingawa alijaribu kuziba mdomo kwa mkono. Mimi pia nilicheka ili nisionekane nimeumia, lakini ule ugali ulinikwama kooni. Sikuufikiria mjadala tena. Nilimfikiria mama, ambaye huamka saa kumi za alfajiri kwenda kuchukua mboga hizo, akarudi jioni mgongo unamuuma. Nikaapa moyoni kwamba nitathibitisha mbele ya shule nzima kuwa wazee wetu wa kale walikula majani, na kwamba nyama ni jambo la juzijuzi tu.

Jioni ile nilimwendea mwalimu wetu wa Historia, nikamwambia, "Mwalimu, naomba ushahidi kwamba mtu wa kale hakula nyama."

Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Wewe unatafuta ushahidi, au unatafuta ushindi?"

Sikumjibu. Hata hivyo alinichapishia kurasa kadhaa katika chumba cha kompyuta, akanionyesha vitabu katika maktaba, akaniambia nivisome vyote, siyo vile vinavyonipendeza tu. Haya ndiyo niliyojifunza.

USHAHIDI WA KWANZA: MENO

Nyama huoza, majani hukauka, lakini jino hudumu. Kwa hiyo wataalamu huanza na meno.

Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai (wenyeji huliita Oldupai) nchini Tanzania, Bi. Mary Leakey aliona fuvu likichomoza ardhini. Mumewe, Louis, alikuwa kambini anaugua homa. Fuvu hilo lina umri wa miaka kama milioni 1.8. Wakaliita Zinjanthropus. Neno "Zinj" ni jina la kale ambalo Waarabu walitumia kuitaja pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Siku hizi wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei, lakini katika makala haya nitamwita Zinj kwa kifupi.

Magego ya Zinj ni makubwa mno yakilinganishwa na yetu. Taya lake ni nene, na juu ya utosi ana tuta la mfupa ambapo misuli ya kutafunia ilishikilia. Watu walipoyaona meno hayo walimpa jina la utani, "Mpasua Kokwa", wakidhani alikuwa akivunja mbegu na kokwa ngumu siku nzima.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilichukuliwa kuwa limekwisha. Lakini wapi! Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walichunguza meno ya Zinj na jamaa zake kwa hadubini. Mtu akitafuna kitu kigumu kama kokwa, meno hubaki na mashimo madogo madogo. Akitafuna kitu laini au chenye nyuzi, hubaki na mikwaruzo myembamba. Katika meno ya akina Zinj hawakupata yale mashimo ya kuvunjia kokwa. Mpasua Kokwa hakuonekana kupasua kokwa!

Hapa nilijifunza somo langu la kwanza. Umbo la jino linatuambia mwenyewe *aliweza* kula nini. Mikwaruzo inatuambia alikula nini katika siku zake za mwisho mwisho. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi nina viatu vya kukimbilia, lakini asubuhi bado ninachelewa shuleni.

USHAHIDI WA PILI: KEMIA YA JINO

Sehemu hii ni ngumu kidogo, kwa hivyo nitaieleza kwa githeri.

Hewani mna kaboni ya namna mbili: nyepesi na nzito kidogo. Mimea yote huvuta zote mbili, lakini si kwa kiasi sawa. Miti, vichaka, maharagwe, viazi, ndizi na sukuma wiki ni kundi moja. Kundi hili hubeba ile kaboni nzito kwa uchache. Nyasi nyingi za nchi za joto, mafunjo, mahindi, mtama na miwa ni kundi la pili. Hili hubeba ile nzito kwa wingi zaidi. Kwa hivyo katika bakuli moja la githeri, punje ya mahindi ni ya kundi la pili na haragwe ni la kundi la kwanza. Anayekula hujenga mwili wake, pamoja na meno, kutokana na kaboni ya chakula hicho. Jino linapoumbwa utotoni, alama ya mlo hubaki humo, na haitoki hata baada ya miaka milioni moja.

Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa meno 24 ya akina Zinj 22 kutoka Kenya. Nilifurahi sana kuona miongoni mwa watafiti hao majina ya Wakenya: Emma Mbua, Francis Kirera na Fredrick Manthi. Walipata kwamba kwa wastani asilimia 77 ya chakula cha Zinj kilitokana na lile kundi la pili. Yaani nyasi na mafunjo, pamoja na mimea ya jamii hiyo!

Usiku huo nilirukaruka hadi mama akauliza kama nimeumwa na siafu. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Mtu wa kale alikula majani!

Lakini nilipotulia niliziona taabu tatu, nami nitazisema zote.

Taabu ya kwanza: ng'ombe naye hula nyasi. Ukila ng'ombe, kaboni ya nyasi huingia katika meno yako vilevile. Kwa hiyo kemia peke yake haiwezi kutofautisha mla nyasi na mla mla-nyasi. Wataalamu wanasema Zinj alikula mimea kwa sababu wanaiweka kemia pamoja na magego yake mapana ya kusagia. Ushahidi mmoja hauwezi kusimama peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Taabu ya pili: bado hatujakubaliana ni sehemu gani ya mmea aliyokula. Mwaka 2014 mtaalamu aitwaye Gabriele Macho aliangalia habari za nyani wa Amboseli, akapendekeza kwamba Zinj aliishi sana kwa vile vijiazi vidogo vya chini vya ndago. Wengine hushikilia majani na mashina ya mafunjo. Mjadala unaendelea.

Taabu ya tatu ndiyo iliyoniuma: Zinj si babu yetu. Ni ndugu wa babu zetu. Ukoo wake uliishi sambamba na ukoo wetu, kisha ukatoweka zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Nikawaza, nikisimama mbele ya watu niseme "Zinj alikula nyasi," yule wa bucha atajibu, "Ndiyo, na yuko wapi leo?"

Meno ya wale wa ukoo wetu wa mwanzo, yaliyopatikana sehemu za Turkana, yanaonyesha mlo wa kuchanganya: makundi yote mawili yamo. Yaani githeri, ila haisemi kama kulikuwa na nyama ndani.

USHAHIDI WA TATU: MIFUPA NA MAWE

Kisu cha jiwe kikikata nyama hadi kwenye mfupa, huacha mkato mwembamba. Jiwe likigongwa juu ya mfupa ili kutoa uboho, huacha alama ya kupondeka. Jino la fisi nalo huacha shimo. Mtu aliyezoea kazi hiyo huweza kuzitofautisha alama hizo kwa hadubini, ijapokuwa mara nyingine wataalamu hubishana juu ya alama moja kwa miaka.

Tahadhari kubwa inatoka Afrika Kusini. Profesa Raymond Dart, aliyetangaza fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1925, aliona mifupa mingi mapangoni pamoja na masalia ya viumbe hao wa kale, akasema walikuwa wawindaji wakali, waliotumia mifupa hiyo kama silaha. Baadaye mtaalamu aitwaye Bob Brain alichunguza upya. Akapata fuvu moja kutoka Swartkrans lenye mashimo mawili yanayolingana na meno ya chui. Kumbe waliodhaniwa wawindaji ndio waliowindwa! Mifupa mingi pangoni ilikuwa makombo ya chui na fisi.

Nilipoisoma habari hiyo nilipiga makofi. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata, na makofi yakaisha.

Ukurasa huo ulihusu Nyayanga, katika kaunti ya Homa Bay, hapa hapa Kenya. Mwaka 2023 Thomas Plummer na wenzake walieleza kwamba walipata hapo zana 330 za mawe pamoja na mifupa ya wanyama. Umri wake ni kati ya miaka milioni 3.0 na milioni 2.6. Miongoni mwa mifupa hiyo ni ya viboko wawili, na ina alama za kukatwa kwa mawe. Kiboko, ndugu zangu! Kabla ya moto kujulikana! Hapo karibu walipata pia magego mawili ya jamaa wa Zinj. Nani alikata yule kiboko? Je, ni babu yetu, au ni yule mla nyasi niliyemtegemea? Hakuna aliye na hakika.

Si Nyayanga tu. Kanjera Kusini, pia huko Homa Bay, kuna mifupa ya swala wenye umri wa kama miaka milioni 2 iliyokatwakatwa, tena kwa vipindi virefu, siyo mara moja. Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mwaka 2010 David Braun na wenzake walitangaza mahali penye umri wa miaka milioni 1.95 ambapo walikula samaki, kasa na hata mamba.

Basi walikula nyama. Hilo halina ubishi. Ubishi uliobaki ni wa namna walivyoipata. Wapo wasemao waliwinda wenyewe. Wapo wasemao walifuata makombo ya simba, wakafukuza fisi kwa mawe, wakavunja mifupa na kufyonza uboho. Ubishi huo umeendelea juu ya mifupa ile ile ya Olduvai tangu miaka ya 1980.

Tena kuna ubishi wa kiasi. Zamani ilifundishwa kwamba walaji nyama waliongezeka ghafla alipotokea Homo erectus, kama miaka milioni 2 iliyopita. Mwaka 2022 W. Andrew Barr na wenzake walihesabu upya ushahidi wa Afrika Mashariki. Wakaona kwamba mifupa yenye alama ni mingi katika kipindi hicho kwa sababu tumechimba zaidi katika udongo wa kipindi hicho. Ukizingatia hilo, ule mruko wa ghafla hauonekani. Ni kama kusema kwamba samaki wamejaa upande mmoja wa ziwa, kumbe ndiko nyavu zote zilikotupwa.

USHAHIDI WA NNE: MAMA WA KOOBI FORA

Mwaka 1973 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyegundua visukuku vingi kuliko wengi wa wakati wake, alipata huko Koobi Fora mifupa ya mtu wa aina ya Homo erectus. Makavazi iliipa namba KNM-ER 1808. Inaaminika kuwa ya mwanamke, na ina umri wa karibu miaka milioni 1.7. Juu ya mifupa ya miguu na mikono kulikuwa na tabaka nyingine ya mfupa usio wa kawaida, kana kwamba mwili ulikuwa ukitoka damu ndani kwa ndani.

Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake walieleza kwamba huenda mwanamke huyo alikufa kwa vitamini A kupita kiasi. Walisema alikula maini ya wanyama walao nyama, kama simba au chui, ambayo yana vitamini hiyo kwa wingi wa kudhuru. Hapo watetezi wa nyama walipata ushahidi. Lakini mwaka 1991 Mark Skinner akasema, la, huenda ni mabuu ya nyuki, maana nao wana vitamini hiyo. Yaani alikuwa akila masega pamoja na watoto wa nyuki.

Mfupa mmoja, maelezo mawili. Lakini lililonigusa si hilo. Ugonjwa huo huchukua wiki au hata miezi. Mtu mwenye maumivu ya namna hiyo hawezi kutembea kutafuta maji, wala hawezi kumkimbia fisi usiku. Ndiyo maana wapo waliosema kwamba lazima palikuwa na mtu aliyemletea maji na chakula. Hatujui ni nani, wala hatujui alimletea nini.

USHAHIDI WA TANO: UBONGO, TUMBO NA MOTO

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote mwili ukiwa umepumzika. Mwaka 1995 Leslie Aiello na Peter Wheeler walitoa wazo hili: utumbo nao unatumia nguvu nyingi. Ili ubongo ukue, utumbo ilibidi upungue, na utumbo mfupi unahitaji chakula bora kama nyama na uboho. Hii ndiyo nguzo ya wale wasemao nyama ilitufanya watu.

Lakini Richard Wrangham husema kilichofanya kazi hiyo ni kupika. Kiazi kibichi kinakutumikisha, kilichochomwa kinakutumikia. Taabu ya wazo hili ni moto wenyewe. Huko Koobi Fora kuna dalili za moto za miaka kama milioni 1.5 iliyopita, na Chesowanja karibu na Baringo kuna udongo uliochomeka wa miaka kama milioni 1.4. Wengine husema ni moto wa nyika tu uliowashwa na radi. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, dalili za miaka milioni 1 zinakubaliwa na wengi zaidi.

Kuna pia Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Wale kati yao wanaoshika njia ya zamani hula mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali na nyama, na mlo hubadilika kulingana na majira. Wao ni watu wa leo kama sisi, siyo picha ya mababu. Hata hivyo wanatufundisha kwamba swali "nyama au mimea?" linaweza kuwa na jibu moja mwezi wa mvua na jibu jingine mwezi wa kiangazi.

SIKU YA MJADALA

Ijumaa ilifika. Ule ukurasa wa kiboko wa Nyayanga nilikuwa nimeukunja mara nne mfukoni. Rafiki yangu wa dawati moja aliniona nikiupapasa, akaninong'oneza, "Achana na hiyo karatasi. Wao hawaijui. Ukinyamaza tumeshinda."

Na kweli hawakuijua. Yule wa bucha alizungumza vizuri, lakini alitegemea kitabu cha zamani. Alimtaja Dart kama shahidi wake mkuu. Niliposimama nikasema, "Bwana Mwenyekiti, mtunza saa, majaji wapendwa, walimu na wanafunzi wenzangu," nilianza na fuvu lenye mashimo ya chui. Ukumbi ulishangilia. Nikamleta Zinj na asilimia 77 zake. Wakapiga meza. Nilimtazama yule jamaa nikaona anaandika haraka haraka, jasho linamtoka, na nakiri kwamba nilifurahi.

Zikabaki dakika mbili. Nikakumbuka swali la mwalimu: ushahidi au ushindi? Alikuwa ameketi safu ya mbele, na yeye ndiye aliyenichapishia ukurasa ule. Lakini sitasema uongo. Si yeye peke yake niliyemwogopa. Nilijua kwamba nikinyamaza, kila nitakapokumbuka ushindi huo nitakumbuka na mfuko wangu.

Nikautoa. Nikasema, "Kuna jambo ambalo wenzangu wa upande ule hawakulisema, nami itakuwa hila nikilificha." Nikawasomea habari za Nyayanga, viboko wawili na alama zao. Ukumbi ukanyamaza. Nyuma yangu nilimsikia rafiki yangu akisema, "Ala!" Nikamalizia kwamba mawe yale yale ya Nyayanga yana alama za matumizi zinazoonyesha kwamba yaliponda na kukata mimea pia, kwa hivyo hoja isemayo "nyama *ndiyo*" inatia chumvi, maana jiwe moja lilifanya kazi zote mbili. Kengele ikalia kabla sijalieleza vizuri.

Tulishindwa kwa alama tatu. Mmoja wa majaji alisema kwamba mpinzani mkuu aliwasaidia watetezi. Rafiki yangu hakuzungumza nami mpaka Jumatatu. Yule wa bucha alinifuata langoni, nikadhani amekuja kunicheka. Akasema, "Nipe hiyo karatasi ya kiboko niisome." Nikampa. Hakuniomba radhi kwa habari ya mkebe, nami sikumdai. Bado hajairudisha.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anachambua kunde. Akaniuliza matokeo, nikamwambia tumeshindwa. Akauliza, "Kwani hao wazee walikula nini?"

Nikamjibu, "Walikula walichopata, mama."

Akasema, "Basi ni kama sisi. Hebu lete ungo tumalize hizi kabla giza halijaingia."

HITIMISHO

Wanafunzi wenzangu, nilianza kazi hii nikitaka mababu wawe upande wangu. Hawakuwa upande wangu, wala hawakuwa upande wa bucha. Walikuwa wakitafuta chakula cha siku. Wengine walikula nyasi na ndago, wengine samaki na kasa, wengine uboho wa mnyama aliyeuawa na simba, na pengine asali na watoto wa nyuki. Walikuwa wa aina mbalimbali, wakaishi mamilioni ya miaka, mahali mbalimbali. Anayesema "mtu wa kale alikula hivi" muulize kwanza: mtu yupi, wapi, na lini?

Tena muulize amejuaje. Jino lina habari zake, mfupa una zake, na jiwe lina zake. Kila shahidi anajua sehemu tu. Na mkebe wa mtu si hoja.



MSAMIATI

Gego: jino pana la nyuma la kusagia chakula.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo ili vionekane.
Kisukuku: mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka kuwa kama jiwe.
Mabuu: watoto wa wadudu kabla ya kuota mbawa.
Mafunjo: majani marefu yaotayo majini.
Ndago: mmea unaofanana na nyasi wenye vijiazi vidogo chini ya ardhi.
Uboho: mafuta laini yaliyomo ndani ya mfupa.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini umbo la jino halitoshi kutuonyesha mwenyewe alikula nini?
2. Eleza kwa nini kemia ya jino haiwezi kutofautisha mla nyasi na mla mla-nyasi.
3. Taja maelezo mawili yaliyotolewa kuhusu ugonjwa wa mama wa Koobi Fora.
4. Je, ungekuwa wewe, ungeutoa ule ukurasa mfukoni? Toa sababu zako.